Haiwezekani, Lakini Dakika ya Ngapi?

Usiku ule wa Machi 8, 2017, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa imekaribia sita na nusu, na vibanda umiza vilikuwa vimeanza kumwaga watu nje. Kwenye skrini Barcelona walikuwa wanaongoza Paris Saint-Germain 3-1 pale Camp Nou, lakini uongozi huo haukuwa na faida. Wiki tatu nyuma walikuwa wamechapwa 4-0 kule Paris, na bao la Edinson Cavani la dakika ya 62 lilikuwa limewarudisha bondeni. Kwa sheria ya bao la ugenini ya wakati ule, walihitaji mabao matatu zaidi. Dakika ya 87 hawakuwa na hata moja kati ya hayo matatu. Shabiki aliyenyanyuka kuwahi bodaboda hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu yake kimoyomoyo, na hesabu ilikuwa nzuri.

Dakika ya 88 Neymar akauzungusha mpira wa adhabu juu ya ukuta. Dakika ya 91 akafunga penalti. Dakika ya 95 Neymar huyohuyo akauinua mpira ndani ya boksi, Sergi Roberto akanyoosha mguu. 6-1. Ikawa timu ya kwanza katika historia ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kupindua deni la mabao manne.

Kesho yake kila kijiwe kilikuwa na neno moja: haiwezekani. Neno hilo ndilo lililonisukuma kukusanya rekodi za ukurasa huu. Uwezekano hauna jibu moja mpaka useme umeulizwa dakika ya ngapi, na muulizaji alikuwa anajua nini wakati huo. Darasani huitwa uwezekano wenye sharti. Kijiweni tunasema "kwa pale mechi ilipofikia", na maana ni ileile: tupa pembeni mechi zote ambazo hazikufika hapo, baki na zilizofika tu, kisha hesabu ngapi kati yake ziliishia unavyotaka.

Tupige hesabu ya Barcelona. Mabao matatu katika dakika 87, moja likiwa la kujifunga la Kurzawa na jingine penalti ya Messi. Tuchukulie kasi hiyo iliendelea vilevile, na kwamba kila bao huja lenyewe bila kusukumwa na lililotangulia. Zilibaki dakika kama 8 pamoja na za nyongeza. Kwa kasi hiyo timu hutarajiwa kupata wastani wa bao 0.28 tu katika muda huo, na uwezekano wa kupata matatu au zaidi ni takriban 1 kwa 350. Hiyo ni dakika ya 87. Neymar alipofunga la kwanza, sharti likabadilika: sasa yanahitajika mawili ndani ya dakika 7, na jibu ni kama 1 kwa 40. Baada ya penalti, bao moja ndani ya dakika 4: karibu 1 kwa 8.

Mechi moja, ndani ya dakika nne, majibu matatu tofauti na yote sahihi. Aliyeondoka dakika ya 87 alifanya uamuzi ambao ungekuwa sawa mara 349 kati ya 350. Aliyeondoka baada ya penalti, huyo simtetei.

Kasoro ya hesabu yangu iko wazi. Nimesema bao halimsukumi mwenzake, na kila aliyewahi kucheza hata chandimu anajua si kweli. Timu inayofukuza hupandisha mabeki, timu inayolinda huanza kupiga mpira nje na kumtazama refa. Uwezekano halisi ulikuwa mkubwa kuliko 1 kwa 350. Ulikuwa mkubwa kwa kiasi gani, hapo kila mtu na ubishi wake.

Kombe langu nawapa Mali

Kama ningepewa kombe la kupindua meza kwa hesabu tupu, nisingewapa Barcelona. Januari 10, 2010, mjini Luanda, mechi ya ufunguzi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, wenyeji Angola waliongoza Mali 4-0 mpaka dakika ya 79. Seydou Keita akafunga moja, watu wakaliona la kufutia machozi. Frédéric Kanouté akafunga la pili dakika ya 88. Dakika 90 zikaisha. Katika dakika ya tatu ya nyongeza Keita akafunga tena, na katika ya nne Mustapha Yatabaré akasawazisha. 4-4.

Kwa timu yenye wastani wa bao 1.3 kwa mechi, kufunga manne ndani ya dakika 16 za mwisho ni kama 1 kwa 10,000. Ni adimu kuliko dakika nane za Barcelona karibu mara thelathini. Lakini matokeo yalikuwa sare tu, Mali hawakuvuka hata kundi, na mechi ile haikupewa jina wala sanamu. Mwaka mmoja wa mpira unameza maajabu mengi ya namna hii kwa sababu hayakuishia kwenye kombe.

Wamarekani nao, kwa soka lao la mpira wa yai, wana mbili za kutaja. Mwezi mmoja kabla ya usiku wa Camp Nou, kwenye Super Bowl ya Februari 5, 2017, Atlanta Falcons waliongoza New England Patriots 28-3 katika robo ya tatu, wakapoteza 34-28 katika muda wa ziada. Na Desemba 17, 2022, Minnesota Vikings walikwenda mapumziko wakiwa nyuma ya Indianapolis Colts 33-0, wakarudi na kushinda 39-36, rekodi kubwa kuliko zote ya kupindua matokeo katika ligi ya NFL. Kule mistari ya uwezekano huchorwa moja kwa moja kwenye runinga, mtu anautazama ukipanda na kushuka kama joto la mgonjwa.

Namba ya Leicester

Namba maarufu kuliko zote katika michezo ni 5,000 kwa 1, odi waliyopewa Leicester City kutwaa ubingwa wa Uingereza kabla ya msimu wa 2015/16. Msimu uliotangulia walikuwa wameponea chupuchupu kushuka daraja kwa kushinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho. Mei 2, 2016, Tottenham walipotoka sare ya 2-2 na Chelsea, Leicester wakawa mabingwa wakiwa wamekaa nyumbani kwa Jamie Vardy wakitazama runinga. Walimaliza na pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal.

Naitilia shaka namba hiyo kwa mambo mawili. Kwanza, ni bei, na bei hupangwa na muuzaji. Kabla ya msimu hakuna mteja wa maana anayenunua Leicester, kwa hiyo muuzaji anaweza kuandika 1,000 au 5,000 bila kukosa usingizi. Pili, swali lenyewe. Tunauliza: kulikuwa na uwezekano gani wa Leicester kushinda msimu ule? Lakini tungeshangaa vilevile kama ingekuwa Sunderland, au Norwich, au kama ingetokea mwaka 2003. Tuseme kila msimu kuna timu 12 za hadhi ile, na msimu wa Leicester ulikuwa wa 24 tangu Ligi Kuu ya Uingereza ianzishwe mwaka 1992. Hizo ni nafasi 288. Hata kama kila moja ina 1 kwa 5,000 kweli, uwezekano kwamba angalau timu moja ya namna hiyo ingetwaa ubingwa katika muda huo ni karibu asilimia 5.6, yaani 1 kwa 18. Ajabu bado ipo, ila sasa ni ajabu ya saizi ya binadamu.

Na sharti lilikuwa linabadilika mbele ya macho yetu. Vardy alifunga katika mechi 11 mfululizo za ligi, akampita Ruud van Nistelrooy aliyekuwa na 10. Februari 6, 2016, Leicester walikwenda kwa Manchester City wakashinda 3-1, Robert Huth akifunga mawili. Mtu aliyeendelea kusema "5,000 kwa 1" baada ya siku hiyo alikuwa anatumia saa iliyosimama tangu Agosti.

Arobaini na tisa za Jangwani, arobaini na tisa za London

Arsenal walicheza mechi 49 za ligi bila kufungwa mpaka Oktoba 24, 2004, walipolala 2-0 Old Trafford. Yanga nao walifika mechi 49 za Ligi Kuu Tanzania Bara bila kufungwa, mpaka Novemba 29, 2022, walipokwenda Mbarali, Mbeya, na kupigwa 2-1 na Ihefu. Namba ileile, na watani wa jadi walifanya kila wawezalo kuhakikisha hakuna anayeisahau ya pili. Wafalme wa dunia wa jambo hili, hata hivyo, wako Abidjan: ASEC Mimosas walicheza mechi 108 za ligi ya Ivory Coast bila kupoteza, kati ya 1989 na 1994.

Tuseme timu ina uwezekano wa asilimia 95 wa kutofungwa katika kila mechi, jambo ambalo ni ubabe mkubwa. Ukisimama mwanzo wa safari, uwezekano wa kuvuka 49 ni asilimia 8 tu. Kuvuka 108 ni pungufu ya nusu asilimia. Ili 108 iwe jambo la kutarajiwa hata mara moja kwa kila mara tatu, unahitaji timu ambayo haifungwi kwa asilimia 99 ya mechi zake. Hiyo inatuambia ASEC walikuwa timu gani, na ligi yao ya wakati ule ilikuwa ligi gani.

Sasa simama mahali pengine. Yanga wameshavuka 49, wanaingia Mbarali. Vijiweni kulikuwa na kambi mbili. Moja ilisema Yanga hawafungiki. Nyingine ilisema siku ya kufungwa imewafikia, maana mechi 49 ni nyingi mno. Kwa hesabu yetu zote mbili zilikosea. Kama mechi hazitegemeani, zile 49 zilizopita tayari ziko mfukoni, uwezekano wake sasa ni 1, na ya hamsini inabaki na asilimia 95 zilezile. Ihefu hawakuwa wanashindana na mechi 50. Walishindana na moja, na katika hiyo moja walikuwa na nafasi 1 kwa 20. Nafasi 1 kwa 20 hutokea kila mwezi katika ligi yoyote.

Matuta marefu kuliko yote

Fainali ya Kombe la Namibia mwaka 2005 kati ya KK Palace na Civics iliamuliwa kwa mikwaju 48 ya penalti, KK Palace wakashinda 17-16. Mei 2024, katika ligi za chini za Israeli, SC Dimona na Shimshon Tel Aviv walifika mikwaju 56. Hesabu yake ni tamu kwa sababu ni rahisi. Kama penalti tatu kati ya nne huingia, raundi moja ya kifo cha ghafla huisha bila mshindi pale wote wanapofunga (0.75 mara 0.75) au wote wanapokosa (0.25 mara 0.25). Jumla ni 0.625. Kwa hiyo, kwa sharti kwamba timu zimefungana baada ya mikwaju mitano mitano, kufika ule mkwaju wa 48 ni kama 1 kwa 4,700, na ule wa 56 ni kama 1 kwa 31,000. Lakini golikipa wa Civics aliposimama mstarini kwa raundi ya 20, uwezekano wa raundi hiyo kutoamua kitu ulikuwa palepale, 62.5 kwa mia, kama ulivyokuwa kwenye raundi ya sita. Mikwaju haichoki, wanaochoka ni wapigaji.

Kwa ubora wa upigaji, hakuna waliozidi Ivory Coast na Kameruni katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2006. Mikwaju 22 ya kwanza iliingia yote. Wa 23 Samuel Eto'o, aliyekuwa anapiga kwa mara ya pili, akakosa. Didier Drogba akafunga, 12-11. Kwa wapigaji wa tatu kati ya nne, mikwaju 22 mfululizo kuingia ni 1 kwa 560 hivi. Waivory Coast hawa ndio pia walioshinda fainali mbili za Afrika kwa matuta dhidi ya Ghana, 11-10 mwaka 1992 na 9-8 mwaka 2015, zote baada ya sare ya 0-0. Ile ya 2015 bao la ushindi lilifungwa na golikipa wao, Copa Barry.

Hapa lakini wazo la "mikwaju haitegemeani" linaanza kuchanika. Utafiti wa Geir Jordet wa Norway na wenzake umeonyesha kwamba mpigaji ambaye akifunga timu yake inashinda hapohapo, hufunga mara nyingi zaidi kwa tofauti kubwa kuliko mpigaji ambaye akikosa timu inatoka. Goli ni lilelile, mita kumi na moja zilezile, sharti tofauti. Wachumi wawili, Apesteguia na Palacios-Huerta, waliandika mwaka 2010 kwamba timu inayoanza kupiga hushinda karibu mara 60 kwa 100. Waliokuja baadaye na mechi nyingi zaidi waliiona tofauti hiyo ikipungua sana. Hata hivyo watunga sheria wa soka walishtuka kiasi cha kujaribu utaratibu mpya mwaka 2017, wa A, B, B, A, kisha wakauacha mwaka uliofuata. Ulionekana mgumu kuufuatilia.

Mkono wa moto

Januari 23, 2015, Klay Thompson wa Golden State Warriors alifunga pointi 37 katika robo moja dhidi ya Sacramento Kings, rekodi ya NBA. Alirusha mara 13, zikaingia 13; tisa kati ya hizo zilikuwa za pointi tatu. Hata ukimpa mrushaji asilimia 44 kwa mitupo ya mbali, kiwango ambacho ni cha juu sana, tisa mfululizo ni 1 kwa 1,600. Wachezaji wa kikapu wana jina la hali hiyo: mkono umewaka moto. Ukiingia mmoja, mwenzake naye unaingia.

Mwaka 1985 Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky walisema hakuna kitu kama hicho. Walichukua rekodi za Philadelphia 76ers na majaribio ya wanafunzi wa Cornell, wakalinganisha uwezekano wa kufunga kwa sharti kwamba mtupo uliopita uliingia, na ule wa kwa sharti kwamba ulikosa. Hawakuona tofauti. Kwa miaka zaidi ya thelathini makala ile ilikuwa fimbo ya maprofesa dhidi ya makocha.

Kisha mwaka 2018 Joshua Miller na Adam Sanjurjo wakaonyesha kosa ambalo unaweza kulikamata hapo ulipokaa ukiwa na sarafu. Irushe mara tatu. Kila mara kichwa kinapotokea, andika kinachofuata. Kuna njia nane za kutokea. Mbili (mwenge-mwenge-mwenge na mwenge-mwenge-kichwa) hazina cha kuandika, zitupe. Zinabaki sita. Katika tatu kati yake kichwa hakifuatwi na kichwa hata mara moja: sifuri. Katika kichwa-kichwa-mwenge ni nusu. Katika mwenge-kichwa-kichwa na kichwa-kichwa-kichwa ni mara zote. Jumlisha, gawa kwa sita: unapata asilimia 42 hivi. Sarafu ya haki kabisa, na wastani wa "kichwa baada ya kichwa" unasoma pungufu ya 50.

Maana yake ni kwamba katika misururu mifupi, mchezaji anayefunga asilimia 50 baada ya kufunga, wakati kiwango chake cha kawaida ni 50, tayari amewaka. Watafiti wa 1985 walimpima kwa kipimo kilichopinda na kusema wa kawaida. Nalihesabu hili kuwa kosa la uwezekano wenye sharti lililoishi maisha marefu kuliko yote katika michezo, na lilifanywa na watu ambao kazi yao ilikuwa kutufundisha tusikosee.

Mkeka

Nisipotaja mkeka wasomaji wa kweli wa ukurasa huu hawatanisamehe. Mechi kumi, kila moja una uhakika wa asilimia 80. Mkeka mzima una asilimia 10.7. Ukipita tisa, unabaki na 80, na ndipo usingizi unapokimbia. Ukichanika hapo, lawama zote hubebeshwa mechi ya mwisho, wakati kila moja kati ya zile kumi ilikuwa na nafasi sawa ya kuuchana.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni kuunganisha matukio ya mechi moja. Tuseme Simba wana asilimia 60 za kupata bao la kwanza na asilimia 60 za kushinda. Mchezaji huzidisha, anapata 36, kisha analalamika odi aliyopewa ni ndogo. Lakini Simba wakishapata bao la kwanza, kushinda si 60 tena. Tuseme inapanda kuwa 80. Jibu sahihi ni 0.6 mara 0.8, yaani 48. Anayekuuzia odi alishalijua sharti hilo kabla hujafungua simu.

Na zile bahati nasibu za mechi 17 zenye mamilioni? Njia za kuzijaza ni 129,140,163. Ukijaza moja kila sekunde bila kula wala kulala, utamaliza baada ya miaka minne na mwezi mmoja.

Chupa mbili za mkojo uleule

Kuna sharti moja ambalo likipinduliwa linaua maisha ya mtu. Chukua mfano wangu, namba ni za kufundishia tu: wanariadha 1,000, kati yao 20 wanatumia dawa. Kipimo kinawakamata 18. Kwa wasafi 980 kinakosea mara 1 kwa 100, kinawasingizia kama 10. Waliokutwa ni 28, na 10 kati yao hawana hatia. Kipimo "cha asilimia 99", na bado zaidi ya theluthi moja ya walioshikwa wamesingiziwa. Uwezekano wa kukutwa kwa sharti kwamba wewe ni msafi ni mdogo sana. Uwezekano wa kuwa msafi kwa sharti kwamba umekutwa ni kitu kingine kabisa, na magazeti huchapisha wa kwanza huku yakidhani ni wa pili.

Maabara zenye kibali hukosea mara chache sana kuliko mfano wangu, na mwanariadha ana haki ya kuomba chupa B, ile ya akiba, ifunguliwe. Ila chupa B ni mkojo uleule wa siku ileile. Inaweza kufichua kosa la maabara. Kama kilichomponza ni dawa ya kikohozi au nyama aliyokula, chupa zote mbili zitasema jambo moja.

Kumi na moja kwa kumi na moja

Nimeiweka mwisho rekodi ninayoipenda kuliko zote, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji za wanaume katika Olimpiki. Kuanzia Mexico City mwaka 1968 hadi Rio mwaka 2016, Michezo ilifanyika mara 13. Kenya ilishinda mara 11: Amos Biwott, Kipchoge Keino, Julius Korir, Julius Kariuki, Matthew Birir, Joseph Keter, Reuben Kosgei, Ezekiel Kemboi, Brimin Kipruto, Kemboi tena, Conseslus Kipruto. Mwaka 1992 na 2004 walichukua medali zote tatu. Mara mbili walizokosa ni Montreal 1976 na Moscow 1980, na zote mbili Kenya ilikuwa imesusa. Kwa hiyo uwezekano wa Mkenya kushinda, kwa rekodi, ulikuwa 11 kwa 13. Kwa sharti kwamba Kenya ipo uwanjani, 11 kwa 11.

Kuna waliosoma rekodi hii kinyumenyume. Mkenya wa Lamu akifika London huulizwa anakimbia mbio gani. Mabingwa karibu wote walikuwa Wakenya, ndiyo. Wakenya karibu wote hawajawahi kuruka kiunzi isipokuwa cha shamba la jirani.

Na sharti la bendera lilikuwa na nguvu zake. Stephen Cherono, mzaliwa wa Kenya, alihamia Qatar mwaka 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akamshinda Kemboi katika mashindano ya dunia jijini Paris. Olimpiki ya Athens 2004 hakukimbia kwa sababu Kenya haikumpa ruhusa kabla ya muda wake kutimia. Siku chache baada ya fainali hiyo alikwenda Brussels akakimbia 7:53.63, rekodi ya dunia iliyokaa mpaka Juni 2023, Lamecha Girma wa Ethiopia alipoweka 7:52.11. Angeruhusiwa Athens, sina hakika orodha ile ya mabingwa ingesomeka hivyo.

Agosti 2, 2021, kule Tokyo, Soufiane El Bakkali wa Moroko akashinda. Paris 2024 akashinda tena. Mara zote mbili Kenya ilipata shaba. Hesabu ya Kenya tangu 1968, ukihesabu Michezo iliyoshiriki tu, sasa ni 11 kwa 13.